Tundu la Tatu kwenye Gitaa la Baba

Karatu,
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mpendwa kaka Lazaro,

Shikamoo. Kwa heshima zote anazostahili kifungua mimba wa marehemu Mzee Qamara, naitangazia familia, na huko kwenu Wasso kote ikibidi, kwamba jana saa nne asubuhi, mbele ya Mama na mbuzi wawili, skrubu moja ilipatikana. Ni ile ya nne, inayoshikilia shingo ya gitaa. Ilikuwa kwenye cherehani ya Mama, imebana kifuniko. Mama hakutaka kuitoa. Alisema haoni sababu ya kuiachisha kazi skrubu inayofanya kazi, iende kwa gitaa lililokaa bure tangu mazishi.

Baada ya tangazo hilo, habari za huko? Wifi Germana na watoto hawajambo? Vumbi la barabara yenu limepungua, au bado mnafika ofisini mkiwa na rangi moja? Sisi wazima. Mama, aayo wetu, anakusalimu. Goti linamsumbua kwa baridi hii, ulimi hauna tatizo.

Sasa ile kazi. Ulipokuja Pasaka uliniachia gitaa, kopo la rangi nyekundu ya kupuliza, filla ya magari ya kuzibia matundu, na picha uliyochapisha ofisini ya gitaa kama hilo likiwa jipya. Ukasema nilirudishe lilivyotoka kiwandani, niliondolee maajabu ya Baba, kisha Leonce uliyesoma naye alitundike ukutani kule mapokezi kwenye lodge yake, wageni walitazame wakisubiri juisi. Nilikubali. Ulikuwa umevaa koti la suti, na mimi mtu akivaa koti huwa nakubali kwanza, nafikiri baadaye.

Leonce alikuja mwezi uliopita kukagua. Akaona ile senti tano ya zamani iliyonyanyua kipande cha chuma kinachobeba nyuzi. Akaona swichi ya taa ya kitandani Baba aliyoifunga hapo. Akaona na tundu la tatu katikati ya mwili wa gitaa, ilipokaa koili ya ziada ya kunasa sauti ya nyuzi, ambayo kiwanda hakikuiweka. Akasikitika kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Alisema wageni wanataka kitu orijino. Nikamwuliza kama hao wageni watalipiga, akasema hapana, watapiga picha. Kisha akanikumbusha kwamba dada Blandina ni fundi redio tu, si mtu wa makumbusho. Nikamjibu kuwa ni kweli, ndiyo maana vitu vinavyoletwa kwangu vimekufa huondoka vinaongea.

Alipoondoka nikashika msasa. Pale mkono wa Baba ulipokuwa ukilala, rangi imelika hadi kwenye mti, na mti unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nikauweka msasa chini. Nikajiambia kwamba hata tundu, kabla ya kuzibwa, lina haki ya kusikilizwa. Nikafungua ile koili. Waya wake ulikuwa umekatika ndani kwa ndani.

Abdulwahabu wa duka la vipuri alinipa transfoma mbovu yenye waya mwembamba kuliko unywele, akanitakia maisha marefu, maana mizunguko ya kuisuka koili upya ni maelfu. Kwa mkono ningemaliza nikiwa bibi. Nikafunga koili kwenye cherehani, pale inapojaziwa bobini, Mama akanyage, mimi niongoze waya. Ukakatika. Tukaanza upya. Ukakatika. Mara ya tatu Mama aliniondoa kama anavyofukuza kuku jikoni, akaniambia nikanyage mimi, tena taratibu, sikimbizwi na nyati. Akaupitisha waya katikati ya kidole gumba na kipande cha kitenge alichokipaka nta ya nyuki. Haukukatika hata mara moja. Nikamwuliza hayo amejifunzia wapi. Akajibu, bila kuinua macho, kwa kuuliza kama nilidhani ile ya kwanza ilisukwa na malaika.

Kaka, kaa chini kama umesimama. Koili ile aliisuka Mama. Vidole vya Baba vilikuwa vya jembe, alikata waya nne akasusa. Na tundu alilitoboa Mama kwa patasi, kwa sababu Baba aliogopa kulijeruhi gitaa, akaaga kwamba anakwenda kuangalia ng'ombe. Nikamwuliza mbona miaka yote aliacha asifiwe Baba. Alisema Baba akisifiwa alifurahi, na akifurahi alichota maji bila kuambiwa. Na Pasaka je, mbona alinyamaza? Alisema hakuna aliyemwuliza. Tulikuwa tunaongea na picha.

Kumbuka wasifu uliousoma mazishini, ile sehemu ya ubunifu uliotukuka wa marehemu. Mama alikuwa mstari wa mbele, anarekebisha kitenge.

Kwa hiyo nakiri: sijaziba kitu. Filla imeziba ufa wa tangi la maji. Rangi yako imepaka mlango wa banda, na kuku sasa wanaingia ndani kwa maringo kama wamelipia chumba. Koili tumeizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa ili isipige makelele, imerudi palepale. Leonce anakuja Ijumaa na gari. Aje. Atapewa chai, na gari litarudi jepesi. Ukitaka kuitisha kikao cha ukoo, itisha. Kikao kilikupa wewe gitaa kwa kuwa ni mtoto wa kiume, nami sibishi. Lakini tundu halikugawiwa mtu, na tundu ni la Mama. Wewe chukua gitaa, uache tundu.

Tarehe 24 ni misa ya mwaka ya Baba. Baada ya misa litapigwa hapa uani, mbele ya ukoo mzima, pamoja na senti yake, swichi yake na matundu yake yote matatu. Atakayeona aibu akaangalie ng'ombe.

Wasalimie wote, na wifi mwambie maharage yake tumeyapokea.

Mdogo wako, aliyekwisha kufikiri,
Blandina

NB: Jana tulilichomeka kwenye amplifaya, linalia vizuri. Ila mimi sijui kupiga gitaa, na Mama hajui. Baba alikufundisha wewe tu.