Wimbo wa Kunikaribisha

Jumatano

Waliimba jina langu. Watoto wa miaka mitatu, wamepangwa mlangoni: "Karibu, tanti Zuhura." Tena kwa Kiswahili, maana walijua hata kwetu ni Nyamirambo, mtaa wa Waswahili. Na huo ulikuwa ukaguzi wa kushtukiza.

Kwamba leo tunakwenda kituo cha Kibagabaga tulijua wawili tu, mimi na Claudine. Miaka yote hii tunakagua vituo vya watoto pamoja. Futari amekula kwangu.

Mama mmoja alilalamika kwamba mwanawe akilia hufungiwa stoo. Stoo tuliikuta wazi, tupu, ukuta umepakwa rangi. Niligusa, ikanishika vidole. Mwenye kituo akanipa kitambaa, anatabasamu. Sasa niandike nini?

Garini nilimuuliza Claudine nani amewaambia. Akatazama dirishani.

"Dada, yule ni mtu wa kanisa yetu. Wangemufungia kituo."

Hakukana hata kidogo.

Yule mama alitaka kumhamisha mtoto wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyemsihi aendelee kumpeleka, wasije wakashtuka kabla hatujafika. Akakubali.

Jioni hii amenipigia simu. Niliiacha ikaita.