Kibao cha Kuingizia Piza

Baba,

Shikamoo. Bado nasubiri "marahaba" yako kila nikisema hivyo.

Tangu tukuzike Marangu situlii. Naanza kufua, naacha. Nakaa, nainuka. Mama yeye ametulia mno. Anafungua duka Kariakoo, anauza, anarudi Upanga, anajifungia chumbani. Jikoni haingii. Tulipogawa vitu vyako, baba mdogo alichukua kile kibao chako chenye mpini, cha kuingizia piza kwenye oveni. Mama akaendelea kukunja nguo zako.

Basi wiki iliyopita, ghafla Mama akauliza: "Mbona siku hizi hatuli piza?"

Niliruka, baba. Nikazunguka Kariakoo duka kwa duka. Muuzaji mmoja akaniwekea viwili mezani. "Dada, hiki cha bati ni chembamba, kinapita chini ya piza iliyoiva bila shida. Ila cha mbao, unga uliokandwa haunati sana." Cha bati kilikuwa na mpini mrefu kama wa ufagio, na jiko letu unalijua, ningegonga friji. Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Yule kaka akacheka: "Kwani unachagua mchumba?" Nilikuwa nataka chako tu. Mwishowe nikachukua cha mbao, mpini mfupi, upana unaoingia kwenye oveni yetu.

Piza ya kwanza ilinata. Nikasukuma kwa nguvu, nyanya na jibini zikamwagika ndani ya oveni, moshi ukajaa nyumba nzima. Mama akatoka mbio, akafungua madirisha, akanifokea: "Unasukuma kama mkokoteni! Baba yako alikuwa anakitikisa kwanza!"

Akaninyang'anya kibao. Akanyunyiza unga wa sembe, akapanga piza nyingine juu yake, akatikisa, akavuta mara moja. Ikashuka yenyewe. Kumbe miaka yote ile, alipokuwa akilalamika kwamba unamchafulia jiko, alikuwa anakutazama.

Akala amesimama, anaunguza ulimi, huku analia kwa sauti. Mama, ambaye hata msibani hakulia. Nami nikalia. Halafu akaomba kipande kingine.

Bado situlii, baba, sitakudanganya. Lakini jana kaniita jikoni nimkatie vitunguu, tukaongea mpaka chakula kikazidi chumvi. Desemba nitamleta kaburini kwako, tupande maua. Nakuahidi.

Pumzika. Mama niko naye.

Mwanao,
Neema