Ratili Ishirini na Nne za Mama

Kwa Mzee Wabwile,
Chwele, kupitia Bungoma,
29 Agosti, 1954.

Mpendwa Mama Mdogo Sellah,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Jinja? Baba Mdogo hajambo, na kikohozi chake kimetulia? Mtoto ameota meno mangapi? Huku mvua inanyesha vizuri na tumeanza kuchoma mahindi mabichi. Mimi naendelea na darasa la saba.

Mama Mdogo, nina habari nzuri, lakini nianzie mwanzo. Mwezi wa Mei daktari wa Kitale aliitazama ngiri ya Mama, ile ya kitovuni, akasema lazima ipasuliwe. Ila Mama alikuwa na uzito wa ratili mia mbili na kumi na nne, na daktari alitaka mia moja na tisini kabla ya kumpa dawa ya usingizi. Alihofia moyo wake.

Mwalimu Jelimo aliniazima kitabu cha afya. Nilisoma humo kwamba mwili huchoma chakula kama jiko linavyochoma kuni, na kwamba tangawizi na pilipili huchochea moto huo. Nilifurahi sana. Kila asubuhi Mama akanywa maji ya moto yenye ndimu, kisha chai ya tangawizi bila sukari. Mboga ya saga nikaitia pilipili. Baba alionja mara moja tu, akaenda kukaa karibu na mtungi.

Tulimpima kwenye mizani ya mahindi pale sokoni. Baada ya wiki tatu alikuwa ameongezeka ratili tatu. Bwana Kimeli, mwenye mizani, alisema, "Mama Jairus, gunia langu ni mia mbili tu. Wewe ni gunia na kidebe juu." Watu walicheka, na Mama akacheka nao, lakini njiani alinipita akatembea peke yake mbele.

Alhamisi nikamfuata alipokwenda, kama kila wiki, na akina mama wa kanisa kuwatembelea wagonjwa. Nyumba tatu, na kila nyumba ugali na kuku. Kwa Nakhungu, mmoja wa akina mama hao, alisukuma sahani kidogo tu.

"Ugali wangu una nini, Mama Jairus? Umeona nzi?"

"Nimeshiba, dada."

"Umeshibia kwa nani? Hapa kwangu hujala."

Mama akala akamaliza. Unajua kwetu mgeni akiacha chakula ameitukana nyumba. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe vya tangawizi, kumbe sahani za Alhamisi sikuzihesabu.

Jumapili kanisani, akina mama walipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Unanijua, hata darasani huwa naomba mwenzangu anisemee. Niliwaambia mambo ya daktari, kisha nikasema, "Mkimpenda Mama, mpeni mboga na chai kavu." Nilitamani kutoka nje.

Nakhungu akasema, "Mtoto huyu hasemi mwaka mzima. Akisema leo, tumsikie." Wakakubaliana kwamba kila nyumba itampa tonge moja na mboga bila siagi, na hakuna atakayehesabu kuwa ametukanwa. Baadaye walianza hata kumsindikiza kwa njia ndefu ya mlimani, wakimtania kila anapotaka kupumzika.

Tangawizi bado anakunywa, maana ameizoea. Lakini sidhani kama ndiyo iliyofanya kazi.

Jumanne iliyopita daktari alimpima, mia moja na themanini na tisa! Jana Mama alimwomba Bwana Kimeli ampime tena, ili wote sokoni waone. Kimeli akasema, "Sasa gunia limekushinda, Mama." Atapasuliwa Alhamisi, tarehe tisa Septemba.

Mama amenikataza nisikuite. Ati safari ni ndefu na una mtoto mchanga. Anacheka na kila mtu, lakini juzi aliniita jikoni akanionyesha anapoficha mbegu za wimbi, na mwezi gani nizitoe. Hajawahi kumwonyesha mtu. Nilimjibu ndiyo, Mama.

Kwa hiyo nakuita mimi. Njoo kabla ya tarehe tisa, Mama akuone kabla ya kulazwa kwa ile dawa. Mlete na mtoto, nitambeba mimi.

Baba na ndugu zangu Jairus na Cheptoo wanakusalimu, na Nakhungu pia. Mungu awafungulie njia.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye,
Nasambu