Pangaboi Zangu Haziuzwi

Jumatano, 8 Nehase

Mvua tangu alfajiri, ndivyo ulivyo Nehase, mwezi wetu wa kumi na mbili. Kapteni Girum ametuma mawaidha kumi kwenye kundi letu la Telegram. Kumi! Kama amri za Musa. Jinsi ya kushinda mchezo wa simu wa kuendesha shirika la ndege. Kayaokota kwenye video ya kijana mmoja wa ng'ambo ambaye hajaota hata ndevu.

La kwanza: uza ndege zote za pangaboi. La pili: nunua majitu, yarushe mbali, Toronto na Guangzhou, achana na miji midogo. Halafu nauli ipandishwe kidogo juu ya ile inayopendekezwa na mchezo wenyewe. Halafu mafuta. Halafu matangazo. La kumi ndilo lenye sumu: tuvunje muungano wetu wa Tiru, wote tuhamie muungano mkubwa wa wageni.

Tiru Air ilishakufa mara moja. Ile ya kweli, yenye ndege za chuma. Girum akiwa rubani, mimi mhudumu wa abiria. Ilifungwa na watu waliokaa chumba kimoja, sisi tukapata habari kwa ujumbe wa simu. Tulioendelea kutafutana ndio tuliouanza mchezo huu, na muungano tukaupa jina lile lile. Niliuanzisha mimi. Kiongozi ni mimi. Sasa tuizike tena, safari hii kwa mikono yetu? Ng'o!

Nimemjibu neno moja: Hapana. Akaandika, "Dada Wube, acha ukaidi, hii ni hesabu." Ukaidi ni wangu. Sikuuazima kwake.

Jumapili, 12 Nehase

Kahawa kwa Yeshi, jirani yangu, aliyekuwa akikata tiketi pale Tiru. Baada ya saa tisa mchana, maana tumefunga mfungo wa kanisa, na kabla ya hapo hatuonji kitu. Kapteni alikuja na koti lake la ngozi. Habtamu alikuwepo pia, fundi wetu wa injini. Huyu hasemi. Hula bisi tu.

Kikombe cha kwanza, salamu. Cha pili, vita. Kapteni akasema kila mtu anaweza kuona kwenye jedwali la mchezo kwamba tunaburuta mkia. Kwa sababu ya nani? Kwa sababu kiongozi anarusha vindege kwenda Jinka na Goba!

Nikamwambia Jinka wana haki ya kusafiri.

"Jinka hiyo ni doa kwenye kioo, dada!"

"Na Toronto yako ni nini? Umeshawahi kushuka humo ukanunua mkate?"

Yeshi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kapteni hakucheka. Akasema basi tushindane, mimi na yeye. Mwezi ukiisha, atakayekuwa juu kwenye jedwali ndiye aamue. Akishinda yeye, nimkabidhi uongozi naye atuhamishe. Nikisinda mimi, akunje mawaidha yake ayaweke mfukoni.

Nikampa mkono palepale. Sikutaka kufikiri, ningeogopa.

Jumatatu, 13 Nehase

Nimekosea tahajia jana. Nikishinda. Na nitashinda!

Jumanne, 14 Nehase

Mpango wangu. Safari fupi nikiwa macho, ndefu nikilala. Ndege haikai chini bure. Kapteni anarusha jitu moja, linarudi kesho. Mimi kutwa napeleka na kurudisha. Yeshi ananidhihaki kutoka upande wa pili wa ukuta, "Unachoma buni au unachoma mafuta ya ndege?" Vyote. Nikichoma buni, Goba inaondoka. Kikombe cha kwanza kikinywewa, imetua. Cha pili, inarudi. Cha tatu, imeshasimama tayari tena. Hakuna video ya ng'ambo inayoyajua hayo.

Alhamisi, 16 Nehase

Mfungo umekwisha! Mchuzi wa kuku, mayai, siagi. Nimekula nikasahau ndege zote chini mpaka jioni. Kapteni hakusahau. Amenipita.

Jumatatu, 20 Nehase

Siri ambayo sitamwambia mtu. Nimejaribu wazo lake la nauli. Nimepandisha kidogo tu juu ya ile ya mchezo. Viti vimejaa vile vile na mapato yameongezeka. Shetani naye huwa na akili! Nimejaribu na lile la mafuta: subiri bei ishuke, kisha jaza tangi mpaka pomoni. Nalo kweli.

Lakini pangaboi siuzi. La kumi silifuati hata anikalie kifuani.

Nimempita tena, kidogo. Nimejaza tangi, nayaweka mafuta hayo kwa siku za mwisho. Siku tano za kufunga mwezi, tarehe ishirini na sita hadi thelathini, nitarusha kila kitu. Yeye atakuwa amekauka.

Jumamosi, 25 Nehase

Nimeporwa!

Jioni Kapteni kaweka picha ya jedwali kwenye kundi. Yeye juu, mimi chini. "Mwezi umeisha. Asanteni kwa mchezo mzuri." Nikadhani amelewa. Leo ishirini na tano! Kumbe anahesabu mwezi wa kizungu, Agosti yao, ambayo inaishia leo. Kwa sababu mchezo unahesabu hivyo. Kwa sababu marubani walizoea kalenda ya ng'ambo kazini. Na mimi nimekaa na tangi limejaa nangoja tarehe yangu kama mjinga!

Nikaandika kwa herufi kubwa. Tulipeana mkono nyumbani kwa Yeshi, si angani. Pale ukutani kwa Yeshi pana kalenda ya kanisa, na kwenye hiyo Nehase ina siku thelathini kama miezi yote mikubwa. Kodi ya nyumba unalipa kwa mwezi upi, Kapteni? Mamako ulimzika tarehe ya kalenda ipi?

Hilo la mama nilivuka mpaka. Nimelifuta, lakini alikuwa ameshalisoma.

Kisha Yeshi akaandika kwamba na yeye alidhani thelathini. Na mwingine. Na mwingine. Wote! Hakuna hata mmoja aliyedhani ni leo isipokuwa Kapteni. Mwishowe akaandika: "Haya. Siku tano. Msinililie tena."

Nani analia?

Jumapili, 26 Nehase

Nilimpigia kumwomba radhi kwa lile la mama yake. Alisema, "Limepita, Etete." Ananiita Etete, jina la heshima la mama mtu mzima, anapotaka nijione mzee. Nimemsamehe na hilo.

Halafu nikarusha kila kitu.

Jumanne, 28 Nehase

Bei ya mafuta imepaa mchana kutwa. Majitu mawili ya Kapteni yamelala chini. Zangu zinakwenda, zinarudi, zinakwenda. Jinka, Goba, Gode, Semera. Chakula nimekisahau jikoni, mchuzi wa shiro umeshika sufuria. Yeshi kaniletea mkate wake wa injera, akakaa kuniangalia. "Wube," akasema, "ulivyo hivi ndivyo ulivyokuwa ukisukuma kile kigari cha chai." Nikamwambia nyamaza, Semera inatua. Lakini nilifurahi. Ni muda sijafurahi hivyo.

Jumatano, 29 Nehase

Nimebakisha kidogo kumfikia. Ndege tatu zimedai matengenezo kwa mpigo. Nilikuwa nimeyaruka matengenezo siku zote hizi. Na hilo lilikuwa la sita katika mawaidha ya Kapteni: usiyaruke.

Alhamisi, 30 Nehase

Nimeshindwa.

Niliandike wazi, hakuna anayesoma. Nimeshindwa kwa mwezi wetu, kwa kalenda yetu, kwa siku nilizozidai mwenyewe. Zile tatu hazikutoka matengenezoni kwa wakati.

Tulikutana kwa Yeshi. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakuleta. Kapteni alivua koti, akakaa chini kabisa kwenye kile kigoda kidogo, akasema taratibu, "Wube, wewe ukiliona jina lile unatuona sisi. Mimi nikiliona nauona ule mlango wa ofisi wenye kufuli, na begi langu mkononi. Kila siku nikifungua simu. Naomba tuliache lilale."

Sikujua. Miaka yote hii nilidhani anajidai tu. Nilimhurumia, na bado sikukubali. Yote mawili yalikaa kifuani kwa pamoja. Nikamwambia, "Wewe ukiona kufuli, hama. Mbona utuhamishe sote?"

"Tulipeana mkono."

Kweli, tulipeana. Nikasema kesho asubuhi nitakabidhi. Habtamu aliacha kula bisi. Yeshi hakumimina kikombe cha tatu, kile cha baraka.

Ijumaa, 1 Pagume

Pagume, kile kimwezi chetu cha siku tano kabla ya mwaka mpya. Nimeamka, nimenawa, nimeketi. Nimefungua mchezo, nikaenda penye uongozi, nikachagua jina la Girum, nikabonyeza. Nimebonyeza kweli! Mungu shahidi.

Mchezo ukakataa. Kiongozi hawezi kukabidhi uongozi ndege yake ikiwa angani. Maandishi mekundu. Ile ya Gode, safari yangu ndefu ya usiku, niliituma jana kabla ya kulala bila hata kufikiri.

Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi. Kapteni akauliza itatua lini. Nikamwambia saa nne asubuhi. Akasema sawa, anasubiri.

Nikasubiri na mimi. Nikachoma buni. Nikaitazama Gode ikija, kile kialama chake kidogo, polepole. Saa nne kasorobo. Ile ya Goba ilikuwa imesimama uwanjani, imejaa mafuta, viti vimejaa. Ndege haikai chini bure. Nikairusha.

Gode ikatua.

Kapteni: "Sasa?"

Mimi: "Kuna moja angani."

Kapteni: "Wube!"

Sijakataa kukabidhi. Nilisema nitakabidhi na nitakabidhi, siku itakapokuwa hakuna ndege ya Tiru angani. Yeshi amecheka upande wa pili wa ukuta mpaka akakohoa. Ameniita mwanamke mshenzi. Amekuja na vikombe vyake.

Sasa hivi kundini ameandika Habtamu, mtu ambaye hajawahi kuandika zaidi ya "amina" ya sikukuu. "Etete, usizirushe zote pamoja. Moja iende, moja ipumzike, moja itengenezwe. Ukifanya hivyo hazitakuwa chini zote kwa wakati mmoja hata mwakani." Wengine wameanza kuweka vidole gumba chini yake. Vimefika vitano.

Simu inalia. Ni Kapteni. Inalia tena. Nitapokea, sina la kumficha, na nitamsikiliza mpaka mwisho. Lakini ngoja kwanza, Goba inakaribia kutua na Jinka haijaondoka.