Uchaguzi wa Birika na Sufuria

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Shemeji hajambo? Wapwa wangu je? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi kitambi kinaongezeka.

Najua kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo wa robo saa tu. Nimeandika kwa sababu nikija utanikatiza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Jambo lenyewe linakuhusu wewe na wifi yako, mke wangu. Miaka mitano hamsalimiani, tangu ule uchaguzi wa kamati ya maji, na mimi katikati nimechoka.

Kwanza habari. Nimejitolea kufundisha watu kupiga kura. Usicheke. Tuko watatu: msusi wa saluni ya kona, ambaye ndiye mkubwa wetu, fundi wa kuchomelea mageti, na mimi karani wa stoo. Kila Jumamosi asubuhi tunapanga viti pale saluni, tunaeleza jinsi ya kuhakiki jina kwenye daftari, kuweka alama na kukunja karatasi. Sharti ni moja, hatumtaji mgombea wala chama. Ukimtaja, msusi anakutoa nje hata kama kichwa kimesukwa nusu.

Sasa watu wajifunzie nini? Msusi akabuni karatasi ya mazoezi yenye picha za birika, sufuria na ufagio. Tulidhani wataweka alama na kwenda zao. Thubutu! Robo saa haijaisha, birika lina wapambe. Fundi viatu, mzee wa watu, alisimama akasema birika halijamwangusha hata siku moja tangu aoe. Akina mama wa sufuria wakamjibu kwamba chai haijamshibisha mtu. Ufagio ulipata kura moja, fundi wa mageti akakiri ni yake na kutangaza kwamba amekubali matokeo kwa moyo mkunjufu. Palikuwa na bibi mmoja ambaye maisha yake yote hajapiga kura kwa kuogopa kukosea. Alijaribu mara tatu, ya nne akatoka nyuma ya pazia anatembea kama bibi harusi. Nilifurahi mno siku ile, Dada.

Wakati wa kuhesabu, msusi aliweka karatasi moja pembeni, kisha akatuonyesha. Alama ilikuwa sawasawa kwenye birika, ila chini yake mtu alikuwa ametia sahihi. Akaeleza kwamba kura ni siri, ukiandika jina au sahihi imeharibika, haihesabiwi. Akauliza ni nani huyo aliyesaini kama anapokea mzigo. Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nikacheka nao.

Sahihi ilikuwa yangu.

Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na mbili sipokei hata katoni ya sabuni bila kusaini. Mkono wenyewe hauniulizi. Nikiwa nimesimama pale, ndipo nikaikumbuka ile siku yako. Wewe na mpinzani wako mlifungana themanini na moja kwa themanini na moja, kura moja ikatangazwa kuwa imeharibika, mkaambiwa mwokote vikaratasi vya bahati, ukakosa kiti. Ile kura niliiharibu mimi, Dada. Alama niliweka kwako, kisha nikasaini kwa madaha, na tarehe nikaweka. Walipotangaza, nikamtukana kimoyomoyo, nikijiuliza huyo mjinga ni nani.

Wewe ukahesabu ndugu kichwa kwa kichwa, ukaona kura ya mmoja wetu haipo, lawama ukamtupia wifi yako. Yeye hakujitetea. Alisema kura ni siri yake na hataapa mbele ya mtu. Mimi nikanyamaza, kwa sababu, Mungu anisamehe, hata mimi kuna siku nilimshuku. Naomba radhi kwako, na kwake nimeshaomba.

Nilimwambia jikoni siku hiyohiyo, nikitegemea mwiko wa kichwa. Alicheka mpaka akakaa chini, akalia kidogo, akacheka tena. Akasema nikuandikie, na nisijipambe. Nikamuuliza kama ana neno lake. Akasema, "Mwambie wifi kura yangu nilimpa yeye. Akigombea tena, nampa tena."

Fomu za kamati zinapokelewa mpaka Ijumaa. Ukichukua, mimi nitamuaga msusi siku hiyohiyo, maana mwenye kujitolea hatakiwi kuwa na mgombea wake. Lakini hilo tutaliongea.

Barua hii wifi yako amekataa nimpe mtu mwingine. Amesema ataipitisha mwenyewe chini ya mlango wako na kusubiri pale ngazini mpaka umalize kusoma. Kwa hiyo sasa hivi yuko nje. Mfungulie, Dada.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mkubwa kwa mdogo.

Ni mimi mdogo wako, mharibifu wa kura,
Karani wa Stoo