Ngazi Nilizozifagia Mno

Alhamisi. Upepo mkavu wa Septemba, midomo imenipasuka, na moyo hautulii hata kidogo.

Shajara, leo nimeharibu.

Unaijua ile nyumba ya Parktown, mtaa wa matajiri, ninakotunza bustani, ya mawe, yenye dohani nne na madirisha ya vioo vidogo vidogo. Tajiri aliyeijenga aliiga nyumba ya mashambani kwao Uingereza. Picha ya hiyo ya kwao bado inaning'inia kwenye korido. Ua wa miti umekatwa wima, waridi zimepangwa kwa mistari. Kila kitu ni nadhifu, isipokuwa ngazi za mawe za kushukia bustanini. Kwenye nyufa zake vijimajani vilikuwa vimejiotea hovyo, na mwezi mzima vinanikera.

Mimi mtoto wa Tanga. Mama alikuwa anakagua uwanja tuliofagia kabla ya kutupatia chai. Ukiacha jani moja, unarudia wote. Basi leo mwenye nyumba katoka, nikachukua kisu, nikachokonoa kila ufa, nikamwaga maji, nikafagia. Ngazi zikang'aa! Nikasimama mikono kiunoni, najisifu.

Silas, Mrundi ninayefanya naye kazi, akaja akashika kichwa.

"Eish, dada! Hayo ni maua ya marehemu mama yake mwenye nyumba! Mbegu alizitoa Ulaya!"

Kumbe wenzetu hupanda maua kwenye nyufa makusudi, yaonekane yamejiotea. Jamani, ningejuaje?

Kesho muda wangu wa majaribio unakwisha, na mwenye nyumba ataamua kama nabaki. Sina kazi nyingine, na wanangu wawili wananitegemea mimi tu.

Tulikimbilia kwenye lundo la mboji, tukaokota miche saba yenye mizizi. Nimeirudishia kwenye nyufa kwa kijiko cha chai. Imelala chali, maskini.

Silas akasema tuwasingizie hadeda, wale ndege wa midomo mirefu wanaofukua bustani za watu. Nakiri, nilikubali. Njia nzima mpaka Jeppestown ninakoishi nilikuwa naupamba ule uongo, nikaona umekaa sawa kabisa.

Halafu nikakumbuka ngazi zilivyong'aa.

Hadeda gani huyo anayefagia?

Nimecheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Kesho nitawahi, nimwambie mwenyewe kwamba ni mimi, na kwamba nilidhani nampendezeshea nyumba. Sijui atanijibu nini. Naomba tu asizifikie ngazi kabla yangu.