Kigelegele Katika Muziki wa Mholanzi

Walthamstow, London

Mjukuu wangu Salma,

Sisi hatujambo. Mama yako amepata kazi karibu na nyumbani, na bibi yako anakusalimu sana.

Nimefurahi mno kusikia kwamba muziki uliotunga utapigwa huko Amsterdam! Unaniuliza kama uziondoe ngoma za kwetu, kwa kuwa wenzako wanazicheka.

Tulipokuwa vijana hapa London, jirani yetu Mholanzi, aliyekuwa akitunga muziki kwenye meza ya jikoni, alitualika ukumbini kusikiliza kazi yake mpya ikipigwa. Watu walikaa kimya kabisa.

"Humu mna maiti?" bibi yako alininong'oneza.

Kwetu, muziki ukikukolea, huungoji uishe. Fidla zilipopamba moto, bibi yako alipiga kigelegele kama aliye harusini! Ukumbi mzima uligeuka.

Muziki ulipokwisha, mtunzi alitujia mbio. Nilianza kumwomba radhi.

"Ngoja, bwana," alisema huku akimshika bibi yako mkono. "Miaka yote natunga, sijui kama yupo anayefurahi. Leo nimejua."

Onesho la pili alimwekea kiti cha mbele.

Basi ngoma zako usiziondoe. Wakitaka kucheka, wacheke baada ya kuzisikia.

Babu yako akupendaye